Kitanda cha ICU Kwanza, au Kisu Kwanza?

MPASUAJI WA KOO: Mtoto ana miaka minne. Mafindofindo yamekua mpaka yamegusana katikati ya koo, nyama za pua zimeziba kwa nyuma, na akilala anakoroma kuliko baba yake. Hii ni mara ya tatu namtoa kwenye orodha ya thieta kwa sababu ileile: ICU imejaa. Nauliza waziwazi, tangu lini kutoa mafindofindo kukawa upasuaji wa kungojea kitanda cha wagonjwa mahututi?

DAKTARI WA USINGIZI: Tangu watoto wenyewe walipobadilika. Zamani wengi mliwatoa mafindofindo kwa sababu ya homa za koo zisizoisha. Yule koo lilimuuma, lakini usiku alilala, akapumua, oksijeni ikafika kichwani. Huyu wako pumzi inakatika usingizini. Ubongo wake umeshazoea kukaa na oksijeni pungufu na hewa chafu iliyozidi. Ukimpa nusu kaputi, ukaongeza na mofini kwa kipimo unachompa mtoto mwingine wa uzito uleule, pumzi inaweza kuzimika kabisa. Wala usidhani ukishatoa nyama basi njia imefunguka. Kidonda kinavimba. Usiku wa kwanza bado anakatika pumzi kama jana, ila leo ana dawa mwilini.

MPASUAJI WA KOO: Hayo siyabishi, na ndiyo maana kwa watoto hawa mofini tunaipunguza kwa nusu au tunaiacha. Ninachobisha ni wewe kuwa na jibu moja kwa kila mtoto. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, ule uliofanyiwa marekebisho mwaka 2019, unataja wanaotakiwa kulala hospitali wakiangaliwa: wa chini ya miaka 3, na wenye ugonjwa mkali, yaani pumzi inayoziba mara 10 au zaidi kwa saa au oksijeni inayoshuka chini ya asilimia 80. Walale hospitali usiku huo. Haukusema walale ICU.

(Kweli haukusema. Ila wodi iliyokuwa vichwani mwa walioandika mwongozo ule ina kipimo cha oksijeni kwenye kila kitanda, kengele inayolia, na muuguzi mwenye watoto wachache wa kuwahudumia. Aliyewahi kumlaza mtoto katika wodi ya umma huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.)

DAKTARI WA USINGIZI: Namba hiyo ya 10 si ya jana. Mwaka 1992 madaktari wa Baltimore waliwapitia watoto 69 wenye ugonjwa huu waliotolewa mafindofindo. Watoto 16 walipata shida kubwa ya kupumua baada ya upasuaji. Karibu robo! Na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa hao hao: wa chini ya miaka 3, na wale ambao pumzi ilikuwa inakatika zaidi ya mara 10 kwa saa.

MPASUAJI WA KOO: Watoto 69, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na dawa za usingizi za wakati ule. Tangu hapo Marekani na Kanada wamefungua mafaili mengi ya watoto waliopelekwa ICU kwa tahadhari tu. Wengi wao walilala mpaka asubuhi, na hata waliosumbua kidogo walihitaji oksijeni ya puani, kugeuzwa ubavu, kutikiswa waamke. Hilo linafanyika wodini. Wanaokuja kuharibikiwa mara nyingi huanza kuonyesha mapema, wakiwa bado chumba cha kuzindukia, mbele ya macho yako.

DAKTARI WA USINGIZI: "Wengi." "Mara nyingi." Mimi nalipwa kwa ajili ya yule anayebaki.

MZAZI: Samahanini madaktari. Mnaongea habari za mafaili, na mimi mtoto niko naye hapa. Juzi alizuiwa kula tangu saa nne usiku. Saa tatu asubuhi akaanza kulia njaa, nikambembeleza. Saa saba mchana ndiyo naambiwa nirudi wiki ijayo, kuna kijana wa bodaboda ameumia kichwa, kitanda amechukua yeye. Simlaumu, naye ana mama yake. Lakini mimi nimetoka kisiwani Ukerewe mpaka hapa Mwanza. Nauli ya kuja nilikopa kwa wenzangu wa kikoba, na safari hii ya tatu sijui nitamwambia nini mwekahazina. Halafu nikifika nyumbani mama mkwe ananiuliza: "Si nilikwambia tumpeleke akakatwe kimeo, mambo yaishe?"

MPASUAJI WA KOO: Umesikia, daktari? Hilo ndilo ninalolisema. Mtoto anakoroma, anakohoa, hanenepi, hali vizuri. Kwa fundi wa mtaani dawa yake ni moja: kimeo kinatolewa pale pale, kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine asubuhi. Kimeo cha watu hakina kosa, kilichoziba ni mafindofindo na nyama za pua. Wiki moja baadaye analetwa damu imemwishia, au koo limeoza, au amepata pepopunda. Kitanda cha ICU tulichomnyima mlango wa mbele anaingia nacho mlango wa nyuma.

DAKTARI WA USINGIZI: Usinitwike kimeo. Kimeo kilikuwa kinakatwa kabla hatujawa na ICU wala thieta.

MPASUAJI WA KOO: Kilikatwa kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Leo pa kwenda papo, tunawarudisha getini.

DAKTARI WA USINGIZI: Tunawaahirisha. Wiki moja haiui.

MPASUAJI WA KOO: Una uhakika? Wako watoto wanaotufikia moyo wa upande wa kulia umeshatanuka kwa kusukuma damu kwenye mapafu yaliyobana. Miguu imevimba. Huyo wiki yake si sawa na wiki yako wewe. Na faida ya kuwahi inajulikana. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 huko Marekani. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba, asilimia 79 ya waliofanyiwa usingizi wao ulipimwa ukakutwa wa kawaida.

DAKTARI WA USINGIZI: Malizia. Na waliosubiri?

MPASUAJI WA KOO: Asilimia 46.

DAKTARI WA USINGIZI: Karibu nusu walipona bila kuguswa. Kwa hiyo kusubiri si kifo.

MPASUAJI WA KOO: Hao hawakuwa wagonjwa wetu! Utafiti ule uliwaacha nje watoto ambao oksijeni yao inashuka na kukaa chini muda mrefu. Waliwachukua wenye nafuu. Sisi tunaletewa wale ambao wazazi wameshazunguka maduka ya dawa mwaka mzima, wamenyweshwa antibiotiki zote, mpaka mtoto kifua kimeingia ndani.

DAKTARI WA USINGIZI: Basi umenisaidia. Kama watoto wetu wana hali mbaya kuliko wale wa kwenye tafiti, hizo tafiti zako zinazosema ICU haina haja umezitoa wapi? Kwa watoto wale wale wenye nafuu. Huwezi kuniambia wagonjwa wetu ni mahututi zaidi ukitaka niwahi, kisha ni wepesi kama wa kwao ukitaka nisidai kitanda.

MPASUAJI WA KOO: Sijasema wepesi. Nimesema tuchague.

DAKTARI WA USINGIZI: Tuchague kwa kipimo gani? Kipimo kamili cha usingizi, kile cha kumfunga mtoto nyaya usiku kucha na kuhesabu kila pumzi inayoziba, nani anacho hapa? Tunamsikiliza mama, tunatazama video ya simu, tunamulika koo. Na koo kubwa halisemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Nimeona mafindofindo makubwa ya mtoto anayelala salama, na ya wastani kwa mtoto anayegeuka bluu. Halafu ongeza selimundu, ambayo Kanda hii ya Ziwa si ugonjwa wa kutafuta kwa tochi. Mtoto wa selimundu oksijeni ikishuka, chembe za damu zinajikunja, mapafu yanaziba. Mwaka huohuo wa 2013 ulitoka utafiti wa wagonjwa 67 wa selimundu waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa kawaida. Katika walioongezewa damu kabla, waliopata madhara ni asilimia 15. Katika ambao hawakuongezewa, asilimia 39. Sasa huyo ukimtoa mafindofindo, ukampeleka wodini usiku bila kipimo...

MPASUAJI WA KOO: Wa selimundu apelekwe ICU, nakubali leo hii. Na mwenye moyo uliotanuka. Na mwenye ugonjwa wa misuli, na mwenye taya au uso wenye maumbile yasiyo ya kawaida, na wa chini ya miaka 3 mwenye ugonjwa mkali. Hao wako. Tunabishania waliobaki.

DAKTARI WA USINGIZI: Tunabishania huyu wa Ukerewe.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Naomba niseme, maana mnagawana mtoto na mimi ndiye nitakayekaa naye. Usiku tunakuwa wauguzi wawili. Watoto wanapita thelathini, na wengine wanalala wawili kitanda kimoja. Daktari akiandika kwenye faili "aangaliwe kwa karibu", mimi nasoma, nacheka. Karibu na nani? Saa nane usiku mwenzangu yuko na mwenye degedege kule mwisho, mimi natafuta mshipa wa mtoto mwenye kuhara, mkono umekauka, mshipa hauonekani. Huyo wa mafindofindo anakuwa kimya. Na kwenye wodi ya watoto, anayelia hanitishi.

MPASUAJI WA KOO: Sista, ukimpata huyo mtoto, unaangalia nini?

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Kwanza namlaza ubavu, uso umeinama kidogo, ili damu au mate yatoke nje yasirudi kooni. Natazama hapa chini ya mbavu na hapa juu ya kifua, kama nyama inazama kila akivuta. Akikoroma si vibaya, walau hewa inapita. Ninachoogopa ni kifua kinapanda na kushuka na sauti hakuna. Halafu namtazama koo kwa nje. Mtoto aliyelala akiwa anameza, anameza, anameza tena, huyo anavuja damu na anaimeza. Hakuna damu kwenye shuka, mama anadhani salama. Mapigo yanaanza kwenda mbio. Ukingoja mpaka atapike, anatapika weusi kama machicha ya kahawa, umeshachelewa. Hayo hayahitaji ICU, yanahitaji mtu asiyeitwa kwingine.

DAKTARI WA USINGIZI: Na mtu huyo yupo ICU, sista. ICU si mashine. ICU ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili.

MGANGA MFAWIDHI: Sawa, na ndiyo hesabu inayoninyima usingizi. Ninyi mnasema kitanda kama vile ni godoro. Kila kitanda cha ICU ni wauguzi wa zamu tatu, mashine, oksijeni isiyokatika, maabara ya usiku. Ya kwetu ni ya watu wazima, watoto tunawapachika. Huyu wa miaka minne atalazwa katikati ya aliyevunjika fuvu na mama aliyepata kifafa cha mimba. Mzazi wake haruhusiwi kukaa. Mtoto akizinduka usiku, koo linamuuma, hamwoni mama, analia. Akilia anaongeza uvimbe na anaweza kuanza kutoka damu. Na nikimpa yeye kitanda kwa tahadhari, saa kumi alfajiri akaletwa mwingine wa bodaboda, nani aondoke?

DAKTARI WA USINGIZI: Aondoke yeyote, ila isiwe mtoto tuliyemlaza sisi wenyewe. Yule wa bodaboda alikuja ameumia. Huyu anakuja akitembea na viatu vyake, sisi ndio tunaomlaza. Akifa, ameuawa na ratiba yetu.

(Hoja hii ndiyo inayowatenganisha madaktari kuliko takwimu zote za juu. Wa usingizi humhesabu mtoto aliyelazwa naye mezani. Mpasuaji huwahesabu na walioko kwenye foleni.)

MPASUAJI WA KOO: Na ICU yenyewe si kinga unayoidhania. Desemba 2013 huko Oakland, California, binti wa miaka 13 alifanyiwa upasuaji wa mafindofindo pamoja na sehemu nyingine za koo na pua kwa tatizo hilohilo la pumzi kukatika. Baada ya thieta alipelekwa ICU ya watoto. Damu ikaanza kumtoka akiwa humo humo, moyo ukasimama, na siku tatu baada ya upasuaji akatangazwa kwamba ubongo umekufa. Dunia nzima ilifuatilia. Kitanda alikuwa nacho.

DAKTARI WA USINGIZI: Msiba wa watu usiugeuze kuwa sababu ya kupunguza uangalizi. Kama ndani ya ICU ya California yanatokea hayo, nje yake Mwanza itakuwaje?

MPASUAJI WA KOO: Nasema tusiabudu chumba.

DAKTARI WA USINGIZI: Nipe cha kuabudu kingine basi.

MPASUAJI WA KOO: Vitanda viwili mbele ya meza ya wauguzi, wodini humo humo. Oksijeni ukutani, mashine ya kunyonya mate, kipimo cha oksijeni kisichohamishwa, mama akae pembeni. Na kabla ya upasuaji, kila mtoto afungwe kipimo cha kidoleni usiku mzima. Wenzetu wa Montreal walichapisha madaraja yao mwaka 2004: unatazama oksijeni imeshuka chini ya 90, chini ya 85, chini ya 80 mara ngapi, unampa mtoto daraja la 1 mpaka la 4. Hakuna nyaya kichwani. Wa daraja la 4 mpeleke ICU, sitakubishia. Wengine tuanze.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Huyu mtoto nilimfunga kipimo alipolala hapa mara ya pili. Alishuka chini ya 85 zaidi ya mara tatu. Cha chini kabisa kilikuwa 81.

MPASUAJI WA KOO: Daraja la 3.

DAKTARI WA USINGIZI: Na daraja lako la 4 linaanzia chini ya 80. Kwa hiyo alama moja zaidi ya 80 ndiyo inayompa wodi, alama mbili chini zingempa ICU? Kipimo kile kikiteleza kidoleni kinakosea zaidi ya hapo. Tena mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho hushindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Walikuwa watu wazima, lakini ngozi ni ngozi. Hiyo 81 yako inaweza kuwa 77. Halafu kuna hili ambalo watu hawalipendi: ukishamwekea oksijeni ya puani, kidole kitasoma 98 huku pumzi zimepungua na hewa chafu inajaa damuni. Namba inapendeza, mtoto anazama.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Ndiyo maana nilisema kifua.

MGANGA MFAWIDHI: Vitanda viwili hivyo naweza. Mashine ya kunyonya ipo stoo, inahitaji mpira mpya. Vipimo vya oksijeni tulivyopata mwaka juzi vipo, kimoja hakina cha kidole cha mtoto. Muuguzi wa tatu wa usiku sina.

MPASUAJI WA KOO: Siku ya upasuaji wa mafindofindo ni moja kwa wiki. Usiku mmoja kwa wiki, mkuu.

MGANGA MFAWIDHI: Ukipata huo usiku mmoja, wa mifupa atadai wake. Lakini endelea.

MZAZI: Na mimi nikae macho? Naweza. Kulala kwenyewe silali tangu alipofikisha miaka miwili. Akinyamaza namtikisa. Mnaniita mzazi, mimi ndiyo ICU yake mpaka leo.

DAKTARI WA USINGIZI: Mama, hilo ni kweli, na mimi nataka usiku mmoja upumzike. Lakini siwezi kuandika jina lako kwenye fomu ya zamu.

MPASUAJI WA KOO: Mwambie na mengine, daktari, maana tukimaliza huu usiku wa kwanza tunadhani tumemaliza. Mama, hatari ni mbili. Ya kwanza ni pumzi, usiku huo wa kwanza. Ya pili ni damu, na hiyo mara nyingi haiji siku hiyo. Inakuja siku ya tano mpaka ya kumi, ule utando mweupe wa kwenye kidonda unapobanduka. Utauona, usiukwangue, si usaha. Uingereza walihesabu wagonjwa 33,921, watoto na wakubwa, kati ya 2003 na 2004: waliotokwa damu ni asilimia 3.5. Wengi walikuwa wameshakwenda nyumbani. Na pale ndipo walipoonyesha kwamba vifaa vya kuchoma kwa umeme vinaleta damu zaidi ya kukata kwa chuma baridi, ndiyo maana mimi wa kwako nitatumia chuma.

MZAZI: Siku ya saba nitakuwa Ukerewe.

MPASUAJI WA KOO: Ndiyo.

MZAZI: Ikitoka damu saa nane usiku, kivuko nitakitoa wapi? Mbona hili hamkulisema mara zote tatu? Nilisaini karatasi, nikaambiwa ni upasuaji mdogo.

DAKTARI WA USINGIZI: Hapo, mwenzangu, umenigeuza kidogo. Kama mama angekaa Mwanza kwa siku kumi, kwa ndugu au mahali popote karibu, ningelala vizuri zaidi kuliko kwa kumpa kitanda kimoja cha ICU.

MPASUAJI WA KOO: Kwa hiyo tukubaliane...

DAKTARI WA USINGIZI: Nimesema kidogo. Damu ya siku ya saba haifuti pumzi ya usiku wa kwanza. Zote ni zetu.

MZAZI: Nina shemeji hapa Igoma. Sijamwomba, lakini hatanifukuza. Na dawa ya maumivu? Mara ya kwanza duka la dawa walinipa ya maji, ya kikohozi, wakasema inatuliza na maumivu.

DAKTARI WA USINGIZI: Kama ina kodeini, usimpe hata tone. Kuna watu ambao ini lao linaigeuza kodeini kuwa mofini haraka mno. Nchini Ethiopia watu wa namna hiyo hufika karibu asilimia 29. Mwaka 2009 madaktari wa Kanada walieleza kisa cha mtoto wa miaka 2 aliyetolewa mafindofindo kwa sababu ya kukoroma, akarudi nyumbani, akapewa kodeini kwa kipimo sahihi. Akafa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikakataza kabisa kodeini na tramadoli kwa walio chini ya miaka 12. Wewe mpe parasetamoli na ibuprofeni kwa saa tutakazokuandikia, hata kama hajalia. Usisubiri alie. Anayeumwa hamezi, asiyemeza anakauka, koo kavu linatoka damu. Uji uliopoa, maziwa, juisi, chochote kinachoteremka.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Na aspirini isimguse.

MGANGA MFAWIDHI: Wakuu, orodha ya Alhamisi naipeleka thieta mchana huu. Jina la huyu mtoto liwepo au lisiwepo?

MPASUAJI WA KOO: Liwepo, namba moja. Saa mbili asubuhi awe mezani. Mpaka saa kumi jioni nitakuwa nimeshamwona masaa ya kutosha katika chumba cha kuzindukia. Akiwa anashuka bila oksijeni wakati huo, nitapiga magoti mwenyewe kuomba kitanda cha ICU. Akiwa shwari, anakwenda kwenye vile vitanda viwili.

DAKTARI WA USINGIZI: Namba moja, sawa. Nitampa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, mofini sitampa. Lakini kitanda cha ICU nakiomba asubuhi hiyo hiyo, kabla sijamlaza, si jioni baada ya kuharibika.

MPASUAJI WA KOO: Na ukiambiwa hakuna?

DAKTARI WA USINGIZI: Basi nionyeshe kwanza jina la muuguzi wa tatu kwenye karatasi ya zamu.

MGANGA MFAWIDHI: Nimeshasema sina.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO: Alhamisi niko mapumziko. Nitakuja kama nitaandikiwa malipo ya zamu ya ziada. Yale ya mwezi wa tatu sijayapata.